Mtumbwi wa Fito Ujengwe Shuleni

Gogo la mwembe linapoangushwa ili lichongwe mtumbwi, sehemu kubwa ya mti huo haifiki majini kamwe. Fundi hulikabili kwa shoka na tezo, akipunguza na kukomba siku baada ya siku, mpaka libaki ganda liwezalo kubeba watu na nyavu zao. Vibanzi vinavyotoka huishia mekoni. Hesabu yake si ngumu. Gogo lenye urefu wa mita 5 na kipenyo cha sentimita 80 lina mita za ujazo 2.5 za mti. Ganda la mtumbwi utokao humo, likiwa na eneo la mita za mraba 5.5 na unene wa sentimita 4, ni mita za ujazo 0.22 tu. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu kumi na moja za mti, moja imekuwa chombo na kumi zimekuwa kuni.

Kwa karne nyingi hasara hiyo haikumsumbua mtu. Miti mikubwa ilikuwa mingi, na gogo lilikuwa na sifa moja kuu: halina kiungo, hivyo halina pa kuvujia. Leo mambo yamebadilika. Katika sehemu nyingi za pwani na za maziwa ya Afrika Mashariki magogo manene yamekuwa adimu, na yapatikanayo hutoka mbali. Mwana wa fundi anaweza kurithi tezo ya babaye asipate gogo la kuichongea.

Uko mtumbwi mwingine ambao haudai mti mkubwa hata mmoja. Hujengwa kwa vipande vyembamba vya ubao, ambavyo hapa vitaitwa fito, vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu na kuvikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowekwa resini. Huko Kanada na Marekani watu wengi wasio maseremala wamejijengea mtumbwi wa namna hiyo nyumbani, katika banda la nyuma ya nyumba, wakati wa mapumziko yao.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mtumbwi huo wafaa kujengwa katika shule za sekondari, hasa zile zilizo karibu na maji. Sababu si kwamba utachukua mahali pa ngalawa kesho. Sababu ni kwamba ni vigumu kupata kifaa kingine kinachokusanya hisabati, fizikia, kemia na elimu ya viumbe katika kazi moja ya mikono, na mwishowe kikapelekwa mbele ya mtahini asiyedanganyika, yaani maji.

Asili ya mtumbwi wa fito

Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walijenga mitumbwi mepesi kwa gome la mti, lililoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu. Wepesi huo ulikuwa na maana. Katika nchi yenye maziwa mengi na maporomoko, chombo hubebwa mabegani mara kwa mara kutoka maji haya hadi yale. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi wa eneo la Peterborough, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, waliliiga umbo hilo kwa mbao. Walipinda mbao nyembamba juu ya kalibu na kuzipigilia kwenye mataruma kwa misumari midogo. Namna mojawapo ilitumia fito za mwerezi zilizolazwa kutoka omo hadi tezi. Kazi hiyo ilitaka mikono ya mastadi, kwa kuwa kilichozuia maji kilikuwa ni usahihi wa viungo vyenyewe.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati nyuzi za kioo na resini zilipoanza kupatikana madukani. Katika miaka ya 1950 na 1960, wajenzi wa mitumbwi ya mashindano katika jimbo la Minnesota, Marekani, waliacha mataruma kabisa. Waligundisha fito zenyewe kwa zenyewe, kisha wakazifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Mwaka 1983 Ted Moores na Marilyn Mohr walitoa kitabu kiitwacho Canoecraft, kilichomweleza mtu wa kawaida kazi hiyo hatua kwa hatua.

Jambo la kuzingatiwa katika historia hii si gundi. Ni kwamba umbo la chombo lilitoka katika jicho la fundi likaingia katika jedwali la vipimo. Fundi wa gogo huijua ngalawa yake kwa kuiangalia na kuipapasa. Akifa bila mwanafunzi, ujuzi huo humfuata kaburini. Mtumbwi wa fito hukaa kwenye karatasi, na mtu aliye mbali anaweza kuujenga upya, sawasawa na wa kwanza.

Wala wazo la kuunganisha vipande si geni Afrika Mashariki. Mtepe wa pwani ya Lamu ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na ulisafiri pwani hii mpaka ulipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika Ziwa Victoria, watu wa visiwa vya Ssese na Buganda walijulikana kwa mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa juu ya mkuku mmoja. Aliyeshona mtepe angeuelewa mtumbwi wa fito kwa kuutazama mara moja. Angeuliza tu habari za gundi.

Namna unavyojengwa

Kazi huanza kwenye karatasi. Jedwali la vipimo hutaja, katika kila sentimita 30 za urefu, upana wa mtumbwi kwa kila kimo. Vipimo hivyo huchorwa kwa ukubwa wake halisi, na nukta huunganishwa kwa ufito mwembamba unaopindwa na kushikiliwa kwa vizito. Ufito uliopindwa hivyo haukubali kona. Hutafuta wenyewe mkunjo ulio laini kuliko yote, ule unaohitaji nishati ndogo kabisa ya kuupinda. Wachoraji wa meli waliutumia ufito huo kwa muda mrefu, na mwaka 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg alilichukua jina lake akaipa aina moja ya mikunjo ya hisabati. Mikunjo hiyo ndiyo inayotumiwa leo na kompyuta katika kuchora magari na ndege.

Michoro ikishakamilika, hukatwa violezo vya plaiwudi. Mtumbwi wa mita 4.9 huhitaji violezo kama 15. Hivi husimamishwa juu ya jukwaa refu lililonyooshwa kwa uzi na pimamaji, kila kimoja mahali pake, mtumbwi ukiwa umekusudiwa kujengwa kifudifudi. Hapa ndipo uvumilivu wa mjenzi unapopimwa. Kiolezo kimoja kikikaa kando kwa milimita 3, ubavu wa chombo utafanya nundu, na hakuna msasa utakaoiondoa bila kuutoboa ubao.

Fito hupasuliwa kwa unene wa milimita 6 na upana wa milimita 20 hivi. Wenye mashine huchonga mfereji katika ukingo mmoja na mbinuko katika ukingo wa pili, ili ufito mmoja ukae ndani ya mwingine hata penye mkunjo. Asiye na mashine hutumia randa ndogo, akilaza ukingo wa kila ufito mpaka ulingane na jirani yake. Ufito wa kwanza hulazwa kwenye mstari wa mdomo wa mtumbwi, na mwingine hufuata juu yake kwa gundi nyeupe ya mbao, mpaka pande mbili zikutane kwenye mstari wa mkuku. Fito 70 hivi hutosha.

Gundi ikikauka, ganda huparuzwa na kupigwa msasa. Kisha kitambaa cha nyuzi za kioo hutandazwa juu yake na kumiminiwa resini ya epoksi. Kitambaa kilichokuwa cheupe kama sanda hugeuka ghafla kikawa hakionekani, na rangi ya mti hujitokeza chini yake. Baada ya hapo chombo hugeuzwa, violezo huondolewa, na upande wa ndani hufanyiwa vivyo hivyo. Hubaki kuweka kingo za juu, mihimili ya kukingama na viti, kisha kupaka vanishi. Vanishi si pambo. Miali ya jua huidhoofisha epoksi, na mtumbwi usiopakwa huanza kufifia na kubambuka.

Kwa nini wembamba haukatiki

Methali husema kamba hukatikia pembamba. Je, ukuta wenye unene wa milimita 6 utalistahimilije jiwe la mtoni?

Jibu la kwanza limo katika mti wenyewe. Nyuzi za mti ni imara sana zikivutwa kwa urefu wake, lakini huachana kwa urahisi zikivutwa kwa upana. Kila apasuaye kuni anajua jambo hilo. Fito zikilazwa kwa urefu, mtumbwi huwa na nguvu kutoka omo hadi tezi, na hubaki dhaifu kwa kukingama. Kitambaa cha kioo, chenye nyuzi za pande mbili, huuziba udhaifu huo.

Jibu la pili ni la fizikia. Ukinzani wa ubao dhidi ya kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake: unene ukizidishwa mara mbili, ukinzani huongezeka mara nane. Katika mtumbwi wa fito, mbao za katikati kazi yake kubwa ni kuzitenganisha ngozi mbili za kioo. Boksi la kadibodi hufanya vivyo hivyo kwa karatasi mbili na mikunjo iliyo kati yake. Jiwe linapoupiga ukuta kutoka nje, ngozi ya nje hubanwa na ya ndani huvutwa. Mjenzi anayefunika upande wa nje tu ili aokoe fedha amekinyima chombo chake ngozi ile ile itakayovutwa siku ya ajali.

Faida yake huonekana kwenye mizani. Ganda la mita za mraba 5.5 lenye unene wa milimita 6 lina mita za ujazo 0.033 za mti. Mti mwepesi kama mwerezi mwekundu, wenye kilo 380 kwa mita ya ujazo, hutoa uzito wa kilo 12.5. Kioo na resini huongeza kilo 6 hivi, na kingo, viti na mihimili kilo 6 nyingine. Jumla ni kilo 25, mzigo wa mtu mmoja. Ganda la gogo lenye eneo lile lile, unene wa sentimita 4 na uzito wa kilo 600 kwa mita ya ujazo, lina kilo 132 kabla ya kuwekewa chochote.

Kuhusu mti unaotumika, tofauti ni kubwa zaidi. Hata theluthi moja ya ubao ikigeuka unga wa msumeno wakati wa kupasua fito, na hata mbao za kingo na viti zikihesabiwa, mtumbwi mmoja hautazidi mita za ujazo 0.065. Mti wenye ukubwa wa lile gogo la mwanzo, nusu yake ikipotea kiwandani, ungetoa mitumbwi 19.

Gogo lina adui mwingine pia. Mti unapokauka husinyaa, na kusinyaa kwa kufuata duara la mwaka ni karibu maradufu ya kusinyaa kuelekea kiini. Gogo zima haliwezi kuzitosheleza nguvu hizo mbili kwa pamoja, ndiyo maana hupasuka kutoka nje kuelekea kiini. Mafundi wa kale walilijua hilo pasipo nadharia. Walikausha mtumbwi kivulini, wakaupaka mafuta na deheni. Ufito mwembamba hukauka wote kwa pamoja, na nyufa zake huonekana kabla haujatumika.

Darasa lililomo ndani ya chombo

Wanafunzi wengi huisoma Kanuni ya Archimedes kwa kuzamisha kipande cha chuma katika bilauri, huijibu katika mtihani, na huiacha hapo. Mtumbwi huwalazimisha kuitumia kabla kazi haijaanza. Ukiwa na uzito wa kilo 25, watu wawili wa kilo 65 na mizigo ya kilo 20, jumla ni kilo 175. Basi katika maji baridi ya ziwa chombo lazima kisukume lita 175. Je, mchoro uliochaguliwa utazisukuma kabla maji hayajafika mdomoni?

Kanuni ya Simpson hujibu. Tuseme sehemu iliyo majini ina urefu wa mita 4.6, na imekatwa katika nafasi nne za mita 1.15. Maeneo ya mikato mitano, kwa mita za mraba, ni 0, 0.042, 0.062, 0.042 na 0. Mikato ya pili na ya nne huzidishwa kwa 4, wa katikati kwa 2. Jumla ni 0.46. Ikizidishwa kwa theluthi ya 1.15, hupatikana mita za ujazo 0.176, yaani lita 176. Mchoro unafaa. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa ajili ya chombo atakachopanda mwenyewe hatasahau kuihakiki mara ya pili.

Huweza pia kuuliza: abiria akiongeza mfuko wa kilo 10, chombo kitazama kiasi gani zaidi? Eneo la mtumbwi kwenye usawa wa maji likiwa mita za mraba 2.4, lita 10 zaidi ni kina cha milimita 4. Baadaye alama ya penseli ubavuni na mfuko wa mchanga vitathibitisha au kukanusha.

Somo la utulivu wa chombo ni lenye manufaa zaidi, maana lahusu maisha ya watu. Sehemu ya utulivu inayotokana na umbo hutegemea kipeo cha tatu cha upana. Upana ukiongezwa kwa asilimia 10, na uzito ukibaki ule ule, sehemu hiyo hupanda kwa asilimia 33. Hapo mwanafunzi wa pwani ataielewa ngalawa kwa macho mapya. Fundi wake alifungwa na unene wa gogo. Hakuweza kuupanua mtumbwi, akaupa ndubi mbili za pembeni. Alilitatua tatizo la kipeo cha tatu bila kuandika namba hata moja. Mwalimu atakayelionyesha jambo hilo atakuwa amefundisha fizikia na heshima kwa pamoja.

Kemia nayo ina nafasi yake. Resini na kigumishi vikichanganywa hutoa joto, na joto huharakisha mmenyuko wenyewe. Mchanganyiko ulioachwa ndani ya kopo huchemka na kuganda ghafla. Ule ule ukitandazwa kwenye sinia pana hupoteza joto na kubaki majimaji kwa muda mrefu zaidi. Katika mchana wa Tanga au Mwanza, tofauti hiyo ni kati ya kazi njema na kopo lililoharibika.

Pingamizi zenye uzito

Yapo maneno ya haki yanayosemwa dhidi ya jambo hili, na hayafai kupuuzwa.

La kwanza ni gharama. Epoksi na kitambaa cha kioo hununuliwa kutoka nje, na shule isiyo na mizani za maabara haiwezi kuanza kwa kununua resini. Hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya elimu iliyotajwa hapo juu hupatikana kabla kopo la resini halijafunguliwa. Shule inaweza kuanza na kielelezo cha moja kwa tano. Urefu wake utakuwa karibu mita moja. Ujazo hupungua kwa 5 mara 5 mara 5, yaani 125, hivyo chombo cha lita 176 huwa cha lita 1.4. Fito za unene wa milimita 1.5, gundi nyeupe na rangi ya mafuta zatosha. Kielelezo kikibeba mzigo wake kama hesabu ilivyotabiri, shule imepata haki ya kuomba fedha za mtumbwi kamili. Kisipobeba, imepata somo kwa bei nafuu.

La pili ni hatari. Epoksi isiyoganda inaweza kuifanya ngozi ya mtu iikatae maisha yake yote, na vumbi la kioo na la mbao hudhuru mapafu. Glavu, barakoa na banda lililo wazi ni sharti. Shule isiyoweza kuvipata ikomee kwenye kielelezo. Aidha, mtumbwi wa kilo 25 si chombo cha bahari wazi wala cha dhoruba za Ziwa Victoria. Ni wa maji matulivu, karibu na ufuko, na kila apandaye avae jaketi la kuokolea. Mbao huelea hata mtumbwi ukijaa maji, lakini huelea kwa kuzama nusu; ni vema kuziba vyumba vya hewa kwenye omo na tezi.

La tatu ni muda. Mjenzi wa nyumbani hutumia aghalabu saa 200 hivi. Wanafunzi ishirini wakifanya kazi saa mbili kwa juma hutoa saa 40 za kazi, lakini hawawezi wote kushika ufito mmoja, na gundi haiharakishwi. Mihula miwili ndiyo makadirio ya busara. Mwalimu mwenye mtaala mzito atauliza muda huo utatoka wapi. Jibu ni kwamba hautoki katika masomo ikiwa kila hatua imepangwa kuwa somo: mikunjo katika kipindi cha hisabati, uzito mahususi wa mbao katika fizikia, mmenyuko katika kemia.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa ng'ambo, na kwamba fundi wa hapa hana haja ya karatasi. Ni kweli kwamba fundi huyo hahitaji kufundishwa kuunda chombo. Anachohitaji ni mti, na mti ndio unaomwishia. Misindano, ambayo wengi huiita paina, hupandwa kwa wingi katika mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi. Ni miembamba mno kwa ngalawa, lakini ufito wa milimita 20 hauulizi unene wa mti uliotoka. Paina ni nzito kuliko mwerezi, na kiasi gani kingeongezeka kwenye mizani ni swali la kujibiwa na wanafunzi wenyewe, kwa mzani na rula.

Liko na swali lililo kubwa kuliko hilo. Tanzania iliongoza ulimwengu kwa katani katika miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya korosho zake imekuwa ikiuzwa nje pamoja na maganda yake. Uzi wa katani ni imara ukivutwa, ingawa hunywa maji na haushikamani vema na resini mpaka utayarishwe. Maganda ya korosho yana mafuta ambayo viwanda vya nchi nyingine hutengenezea vigumishi vya epoksi, hata vile vinavyotumika katika rangi za meli. Malighafi ya ngozi ya mtumbwi, basi, inaota Tanga na Mtwara, na husafiri mbali kabla ya kurudi ikiwa ndani ya kopo. Kuzijaribu bidhaa hizo si kazi ya watafiti wa vyuo peke yao. Kidato cha tatu kinaweza kugundisha vipande vya paina kwa kitambaa cha katani na kwa kitambaa cha kioo, kuviloweka juma zima, kuvitundikia mawe mpaka vivunjike, na kuandika matokeo.

La kufanya

Shule inayotaka kuanza haihitaji kusubiri waraka. Ichague kikundi kidogo, ichore kielelezo katika muhula wa kwanza, ikipime ndani ya pipa la maji, na kuandika makosa yake waziwazi. Imwalike fundi wa mitumbwi wa kijijini, si kama mgeni wa kupongezwa, bali kama mwalimu wa pili. Yeye ataona kwa jicho nundu ambayo rula imeikosa, naye ataona kwenye jedwali namna ya kuihifadhi kazi yake kwa wajukuu. Vipimo vya ngalawa na mitumbwi iliyopo vichukuliwe sasa, kila sentimita 30, na kuwekwa katika maktaba ya shule, maana baadhi ya maumbo hayo yamo mikononi mwa wazee wachache tu.

Mtumbwi ukikamilika, siku ya kuushusha majini haitahitaji hotuba. Wanafunzi wataandika ubaoni kina walichokikokotoa, wataupakia mzigo wao, na mmoja wao atainama kusoma alama ya penseli. Maji yatakuwa yamefika hapo, au hayatakuwa yamefika.